Kunyanyua mbele ya pikapu ikae leveli: maswali yanayoulizwa kila siku kabla hujamwita fundi

Haya ni maswali ya watu wenye Hilux, Ranger, D-Max, L200, Navara, Hardbody na Land Cruiser mkonga wa pikapu, wale wanaoangalia gari yao kwa pembeni wanaona mbele iko chini nyuma iko juu na roho haitulii. Soma yote au ruka kwenye swali lako, ila lile la mzigo usiliruke.

Kwani kwanini pikapu inatoka kiwandani imeinama mbele?

Haijainama bana, nyuma ndo imenyanyuliwa, tena makusudi. Hilux imeundwa kubeba karibu tani moja nyuma, kwahiyo springi za nyuma (zile za vyuma bapa vilivyopangana) zinawekwa zikiwa zimeinuka ili siku ukipakia mifuko yako 20 ya simenti gari ishuke ikae sawa na taa zimulike lami, zisimulike matawi ya miembe. Sasa we unaiangalia ikiwa tupu, imepaki, lazima uione kama inanusa chini. Kwa gari nyingi za saizi hii tofauti ya mbele na nyuma ni kama inchi moja hadi mbili.

Seti ya leveli na lifti kubwa si kitu kimoja?

Hapana. Lifti inanyanyua gari nzima, mbele na nyuma. Seti ya leveli inanyanyua mbele tu mpaka ikaribie nyuma, basi. Ndo maana bei yake ni ndogo na kazi yake mara nyingi inaisha siku moja gereji. Pia usitegemee ukishaweka hiyo utavuka mito, difu ya nyuma iko palepale ilipokuwa na jiwe litakaloigonga litaigonga tu.

Nabeba mzigo karibu kila siku. Inanifaa?

Hapa ndo penye kesi yenyewe na wengi wanaruka. Ukileveli gari ikiwa tupu, siku umepakia kilo mia sita za mahindi nyuma itashuka, mbele itabaki juu, yaani gari inakaa kitako. Uzito unapungua kwenye tairi za mbele ambazo ndo zina usukani na ndo zinafanya kazi kubwa ya breki, usukani unakuwa mwepesi vibaya kwenye kona, na dereva anayekuja mbele yako usiku anakutukana tangu mbali. Afu kuna watu wanakwambia hiyo ndo sura ya kazi. Hapana, hiyo ni gari mbovu ya kuendesha.

Kwahiyo fanya hivi. Kama bodi yako ya nyuma iko tupu wiki nzima na ikibeba inabeba mabegi na jenereta ndogo, leveli bila wasiwasi. Kama unabeba mara mojamoja, nyanyua mbele lakini acha nyuma ibaki juu kidogo, sentimita mbili hivi. Kama ni gari ya shamba, ya duka la vifaa vya ujenzi, ya kuvuta trela, basi ama uiache kama ilivyo, ama unyanyue mbele na papo hapo uimarishe nyuma kwa springi zinazolingana na mzigo wako halisi. Na elewa kitu kimoja, springi nzito za nyuma haziongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba. Chasisi, eksel na breki ni zilezile.

Wapo wanaokimbilia mifuko ya hewa ya kuweka juu ya eksel ya nyuma. Inasaidia, lakini inasukuma chasisi sehemu moja tu badala ya sehemu mbili kama springi bapa zinavyofanya, na dabo kebini iliyojazwa sana kwa nyuma, mzigo umezidi mkia, imeshaonekana chasisi inapinda nyuma ya kebini. Kwahiyo mifuko ya hewa iwe ya kurekebisha kimo tu, isiwe leseni ya kupakia zaidi.

Napimaje? Fundi anasema anaona kwa macho inatosha.

Macho hayatoshi. Tafuta sehemu tambarare kweli, jaza upepo tairi zote sawa, tanki nusu, toa vitu ambavyo huwa hubebi. Pima kutoka katikati ya kofia ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, tairi zote nne, andika. Usipime kutoka chini kwenye sakafu, maana tairi iliyoisha au yenye upepo kidogo itakudanganya.

Ila na hapo kuna mtego, ukingo wa fenda ya mbele na wa nyuma haukukatwa kimo kimoja kwa gari zote. Unaweza ukalinganisha fenda vizuri kabisa na gari bado haiko leveli. Ndo maana napenda ile pima maji ya fundi mwashi. Chukua ya mita moja, iweke chini ya mlango kwenye kizingiti au kwenye chasisi yenyewe sehemu iliyonyooka, nyanyua ncha ya mbele mpaka povu likae katikati, pima ule mwanya. Hilux ya Vigo na ya Revo ina mita 3 na sentimita 8 na nusu kati ya tairi ya mbele na ya nyuma, kwahiyo kila milimita moja kwenye pima maji ni kama milimita tatu kwenye gari. Mwanya wa milimita 12 maana yake mbele iko chini kwa milimita 37 hivi, inchi moja na nusu. Tayari unajua unanunua nini, na wala hujatoa shilingi.

Kuna aina gani?

Inategemea chini ya gari yako kuna nini, na hapa watu wananunua kitu kisichofunga kabisa.

Gari zenye tosheni baa mbele, ile fimbo ndefu ya chuma inayojisokota badala ya springi ya kuzunguka: Hilux ya 4x4 ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kabla ya Vigo, Hardbody D22, D-Max ya kwanza, Ranger za kabla ya 2011. Hizi huna haja ya kununua kitu kikubwa, kuna bolti ya kurekebishia kwenye kila fimbo, fundi ananyanyua gari kwa jeki ili uzito utoke, anapiga alama ya rangi bolti ilipokuwa, anazungusha kulia na kushoto sawasawa, anashusha, unaendesha kidogo, mnapima tena. Kama bolti imefika mwisho ndo unatafuta funguo za tosheni zilizochongwa upya. Kikomo hapa ni busara: kila unavyonyanyua unapunguza nafasi ya tairi kushuka kwenye shimo, na ukizidisha utasikia gari inagonga juu kila ikitoka kwenye tuta.

Gari zenye springi ya kuzunguka imevaliwa kwenye shokapu: Hilux Vigo na Revo, Ranger ya 2011 kuendelea, D-Max za baadae, L200 ya kuanzia 2005, Navara D40 na iliyofuata. Hapa una njia tatu. Ya kwanza ni spesa ya kukaa juu ya shokapu, kati ya kofia ya springi na mwili wa gari. Bei chee, springi haifunguliwi, na ugumu wa gari haubadiliki sana. Ya pili ni spesa ya ndani inayobana springi zaidi, hiyo lazima springi ibanwe kwa kifaa chake, na gari inakuwa ngumu kidogo. Ya tatu ni kubadilisha springi na shokapu zote za mbele kwa zile zilizotengenezwa kukaa juu, kama Old Man Emu za ARB, Ironman, Dobinsons au Tough Dog, zote za Australia, au Bilstein 5100 za kurekebisha kimo. Hii ya tatu ndo ghali na ndo bora, na kama shokapu zako zina miaka mingi na zinavuja mafuta, usihangaike na spesa, unaweka kofia mpya kwenye kichwa chenye homa.

Land Cruiser 79 ni jambo lingine, mbele ina eksel nzima na springi za kuzunguka tangu 1999. Unaweza kuweka spesa au springi ndefu na hakuna mambo ya sivi (vile viungo vinavyozungusha tairi za mbele hata zikikatwa kona) kukaa upande. Ila ukinyanyua kama inchi mbili eksel inazunguka kidogo kwenye mikono yake na usukani unaanza kutangatanga kwa spidi, dawa ni bushi za kurekebisha kasta, yaani ile pembe inayofanya usukani ujinyooshe wenyewe. Ziweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Spesa ya inchi moja inanyanyua inchi moja?

Kwenye 79, karibu ndiyo. Kwenye Hilux, Ranger na wenzao hapana, maana shokapu imefungwa katikati ya loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi) na tairi iko mwisho wa amu, kwahiyo spesa ya milimita 25 inakupa karibu mara mbili yake kwenye tairi. Muuzaji akisema "inchi mbili" muulize ni unene wa spesa au ni kimo kwenye fenda. Watu wameweka spesa ya milimita 50 wakidhani ni inchi mbili, gari ikapanda kama ngazi.

Mwisho ni inchi ngapi?

Kwa gari za sivi mbele, inchi mbili kwenye fenda. Mimi ningekaa kwenye moja na nusu. Kupita hapo unahitaji kushusha difu ya mbele, kubadilisha apa amu (mkono wa juu), kuangalia mipira ya breki kama haivutiki, na bei yote ya "leveli tu" imeshakuwa hadithi nyingine.

Sivi zitakufa?

Zitafanya kazi kwa pembe kali zaidi, ndiyo. Kwa inchi moja na nusu sivi nzima inavumilia vizuri. Kinachoanza kuumia ni mpira wake: mikunjo inagusana upande mmoja inasuguana, unapasuka, grisi inatoka, vumbi na mchanga vinaingia, hapo ndo sivi inakufa kweli na inaanza kulia tak tak tak ukikata kona. Ukifanya kazi hii chungulia mipira kila unapobadilisha oili. Ukiona grisi imerushwa ndani ya rimu, mpira umeshapasuka, na mpira wa leo ni nafuu kuliko sivi ya mwezi ujao.

Zile raba za kuchomeka katikati ya springi je? Bei yake ni ya soda.

Achana nazo. Raba inaziba mzunguko mmoja wa springi usifanye kazi, mizunguko iliyobaki inabeba yote, na pale raba inapokaa panakusanya mchanga na maji. Springi ikikatika, itakatikia hapo.

Fundi anasema anachonga spesa kwenye mashine ya leti, niache?

Sio vibaya moja kwa moja. Spesa ni kipande kigumu chenye mashimo, aluminiamu nzuri iliyochongwa juu na chini sambamba, mashimo yamekaa kwenye mstari, bolti za daraja linalofaa, inafanya kazi. Nisichokubali ni bomba lililokatwa na kuchomelewa sahani mbili, wala kuchomelea kipande kurefusha zile bolti za juu za shokapu. Bolti iliyopata moto wa kuchomelea siiamini ibebe gari kwenye rasta za barabara ya Morogoro.

Taa zitasumbua?

Sana, na watu hawaamini mpaka uwapigie hesabu. Ukinyanyua mbele milimita 50 kwenye gari yenye mita 3 na ushee kati ya tairi ya mbele na ya nyuma, mwanga unapanda kama asilimia 1.6. Taa ya kawaida ya chini inawekwa ishuke kama asilimia 1. Maana yake baada ya kazi mwanga wako haushuki tena, unapanda, na mita 50 mbele umepanda kama sentimita 80 kutoka pale ulipotakiwa kuwa. Hapo unampiga mwenzio machoni kila usiku.

Kurekebisha ni bure. Kabla hujapeleka gari, simama mita 5 kutoka ukutani, piga alama kwa chaki pale mwanga unapokatika, kisha pima kimo cha taa yenyewe kutoka chini. Baada ya kazi rudi palepale, zungusha skrubu za nyuma ya taa mpaka mkato wa mwanga uwe sentimita 5 chini ya kimo kipya cha taa. Kile kiduara cha kwenye dashibodi chenye namba kinachoshusha taa kinasaidia kwa muda, lakini kimewekwa kwa ajili ya mzigo, ukikimaliza kwenye leveli siku ukipakia huna pa kushusha. Na gari za karibuni zenye kamera kwenye kioo au rada kwenye grili zinahitaji kamera ielekezwe upya na mtu mwenye kompyuta yake.

Nataka na tairi kubwa hapohapo.

Ndo sababu ya kweli ya wengi, tusidanganyane. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo kinaongezeka kutoka milimita 776 hadi 803, asilimia 3 na nusu hivi. Kwa kawaida inaingia, ila kata usukani mpaka mwisho pande zote, na urudi nyuma huku umekata, sikiliza plastiki ya ndani ya fenda kama inaguswa. Na spidomita itasoma chini ya ukweli, ikionyesha 50 wewe uko karibu 52, ikionyesha 100 uko 103 na ushee. Ukipigwa tochi, hadithi ya tairi mpya mwambie afande taratibu, sidhani kama atakuelewa.

Alaimenti lazima?

Lazima, hili halina mjadala. Amu zikishuka pembe, tairi zinaegemea na zinaangalia sehemu tofauti, utakula tairi mbili za mbele upande mmoja ndani ya miezi michache na hela ya alaimenti uliyookoa haifiki hata robo ya tairi moja. Fanya baada ya springi kutulia, yaani endesha wiki moja mbili kwa utulivu, au fanya mara moja na urudie. Omba karatasi ya kabla na baada. Kama jamaa wa mashine anakwambia kamba (camber, yaani jinsi tairi inavyoegemea) haiwezi kurudi kwenye kijani cha mashine, usikubali "itaenda hivyohivyo", maana yake umenyanyua kupita uwezo wa amu zako.

Nina ngao ya chuma na winchi, ndo maana mbele imelala.

Basi usinunue spesa. Ngao ya chuma na winchi pamoja vinaweza kukaribia kilo mia, na springi yako imeshachoka kubeba. Spesa itarudisha kimo lakini springi bado ni dhaifu, kwenye matuta mbele itazama mpaka igonge mipira ya mwisho, ile ya kuzuia amu isigonge chasisi. Tafuta springi zilizoandikwa uzito huo, wauzaji wazuri watakuuliza kabla hujasema: ngao ipo? winchi ipo? betri ya pili ipo? Asiyeuliza anakuuzia alichonacho stoo.

Na ukishapewa springi angalia lebo. Nyingine kulia na kushoto hazifanani kimo, ya upande wa dereva ni ndefu kidogo, na kama boksi linatoka nchi ambayo dereva anakaa kushoto, "dereva" wao sio upande wako.

Nimeona seti mtandaoni ya Tacoma, bei imeniua. Si ni Hilux ya Marekani?

Sio. Toyota haiuzi Hilux Marekani, wanauza Tacoma tangu 1995, ni gari nyingine chini na hata juu. Vilevile vitu vya F-150 havifungi Ranger. Agiza kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha gari, KUN26 au GUN126 au yoyote ile, usiagize kwa jina tu. Hata Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi, nenda na picha ya hicho kibati kwenye simu.

Badala ya kunyanyua mbele nikishusha nyuma?

Inawezekana na ni rahisi, na kwa pikapu ya kazi ni wazo baya. Unaondoa ile nafasi ya springi kushuka ambayo ndo ulilipia ulipochagua pikapu badala ya gari ndogo ya saluni.

Fundi akiwa anafunga niangalie nini?

Kaa naye, mnunulie chai, angalia vitu vitatu. Kwanza springi: kama inafunguliwa, iwe imebanwa na kifaa cha kubania springi cha kweli, sio nyororo na waya. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua mtu, na we usisimame mbele yake.

Pili, bushi za amu. Fundi wengi wanakaza bolti za amu gari ikiwa bado juu ya jeki, tairi zinaning'inia. Mpira wa bushi unashikwa ukiwa kwenye hali hiyo, gari ikishuka unajisokota na unabaki umesokotwa maisha yake yote, miezi kadhaa baadae unapasuka na watu wanalaumu seti. Bolti zifungwe kwa mkono tu, gari ishushwe chini, itikiswe, ndo zikazwe.

Tatu, mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS. Tairi ikining'inia na usukani umekatwa mwisho, visiwe vimevutika kama kamba ya nguo.

Bima?

Waambie kwa maandishi. Gari iliyobadilishwa bila wao kujua inawapa sababu ya kubishana siku ya ajali.

Nikiuza gari, naweza kuirudisha ilivyokuwa?

Spesa na tosheni unarudisha siku hiyohiyo, ndo maana ile alama ya rangi kwenye bolti ni muhimu. Kama ulibadilisha springi na shokapu, usimwachie fundi zile za zamani "kama chuma chakavu". Zifunge pamoja na bolti zake, andika kulia na kushoto kwa maka, weka stoo. Alaimenti utalipa tena.